Msasa wa Baruti: Kulainisha Mtutu wa Bunduki kwa Risasi Zake Zenyewe

Kabla ya karatasi ya msasa kuenea madukani, mafundi seremala wa pwani ya Afrika Mashariki walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na karatasi ilipofika ikarithi jina la mti huo. Kanuni ya kazi hiyo ni nyepesi. Chembe ngumu zikisuguliwa juu ya kitu kisichozishinda kwa ugumu, hukwangua vilima vidogo vidogo vya uso wake na kuuacha ukiwa sawa zaidi.

Kanuni hiyo hiyo hutumiwa mahali ambapo mkono wa fundi haufiki, yaani ndani ya mtutu wa bunduki. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1980, baadhi ya mafundi wa bunduki na wapiga shabaha wameeneza njia yenye kushangaza kidogo: risasi hupakwa unga mgumu wa kusagia, kisha hufyatuliwa ili iusugue mtutu inapopita. Wanaoisifu njia hii hudai mambo mawili. Kwanza, kwamba bunduki hupiga shabaha kwa usahihi zaidi. Pili, kwamba mtutu husafishika kwa urahisi zaidi. Madai hayo yanafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu chuma kikishakwanguliwa hakirudi. Fundi aliyekosea hana nafasi ya kurekebisha kosa lake ila kwa kununua mtutu mwingine.

Matuta na mifereji

Gobore la zamani lilikuwa na mtutu laini usio na alama yoyote ndani. Risasi yake ya mviringo iligongagonga kuta za mtutu na kutoka ikizunguka ovyo, kila mara kwa namna tofauti. Mwingereza Benjamin Robins, mtaalamu wa hisabati, alionyesha katika karne ya 18 kwamba mzunguko huo wa ovyo ndio unaoipotosha risasi njia. Mwaka 1747 alieleza mbele ya Chama cha Kifalme cha London faida ya mitutu iliyochongwa mifereji inayopinda, ambayo huilazimisha risasi izunguke juu ya mhimili mmoja. Mitutu ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuchongwa Ujerumani kwa karne mbili na zaidi, lakini sababu ya ubora wake ilikuwa haijaelezwa vizuri.

Ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa, basi, mna kitu kinachofanana na shamba lililolimwa: matuta na mifereji vikifuatana na kupinda polepole kutoka nyuma hadi mdomoni. Katika bunduki nyingi za kipenyo cha milimita 7.62, tuta huinuka juu ya mfereji kwa kiasi cha milimita 0.1 tu, unene unaolingana na ule wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Risasi ni kubwa kidogo kuliko nafasi iliyo baina ya matuta, kwa hiyo inaposukumwa na gesi, matuta huikata ubavuni na kuizungusha kama pia ya watoto.

Wanafunzi wanaweza kuhesabu kasi ya mzunguko huo. Tuchukue mtutu ambao mifereji yake hukamilisha mzunguko mmoja katika kila sentimita 25.4, na risasi inayotoka kwa mwendo wa mita 820 kwa sekunde. Tukigawa 820 kwa 0.254 tunapata mizunguko zaidi ya 3,200 kwa sekunde, yaani zaidi ya 190,000 kwa dakika. Kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo, kikiwa na kasoro ndogo upande mmoja, huyumba. Ndiyo sababu hali ya uso wa mtutu, hata ukwaru usioonekana kwa macho, inaweza kuwa na athari.

Adui aitwaye uchafu

Historia ya bunduki inaonyesha kwamba usahihi na usafi ni jambo moja lenye sura mbili. Baruti nyeusi ya zamani, iliyochanganywa kutokana na shura, makaa na kiberiti, ilipoungua iliacha zaidi ya nusu ya uzito wake katika hali ya yabisi. Sehemu ya masalia hayo ilitoka kama moshi na sehemu ikabaki mtutuni. Baada ya kufyatua mara kadhaa, askari mwenye mtutu wa mifereji alilazimika kuishindilia risasi kwa nguvu kutoka mdomoni. Majeshi mengi yaliendelea na mitutu laini kwa miaka mingi kwa sababu hiyo, ingawa ubora wa mifereji ulijulikana. Nafuu ilipatikana mwaka 1849, Mfaransa Claude-Étienne Minié alipobuni risasi nyembamba yenye uwazi kitakoni. Iliingia kwa urahisi, kisha ikatanuka kwa nguvu ya gesi na kuikamata mifereji.

Mfano mwingine ni wa Joseph Whitworth, mhandisi mashuhuri wa Manchester. Bunduki yake, ambayo mtutu wake ulikuwa na umbo la pembe sita badala ya mifereji ya kawaida, ilishindanishwa mwaka 1857 na bunduki ya Enfield iliyotumiwa na jeshi la Uingereza, na ikaishinda kwa mbali kwa usahihi. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha ya Wimbledon kwa kufyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa imara juu ya kigamba chake, na risasi ikapiga karibu sana na kitovu cha shabaha kilichokuwa yadi 400 mbele. Hata hivyo jeshi halikuichukua. Ilikuwa ghali mno, na mtutu wake mwembamba ulichafuka upesi kuliko ule wa Enfield.

Baruti isiyo na moshi mwingi, aliyoitengeneza Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ilipunguza masizi lakini ikaongeza mwendo na joto. Kwa mwendo huo mpya, risasi tupu ingechubuka na kuacha madini yake mtutuni. Hapa lugha ya Kiswahili inatukumbusha jambo, kwani neno "risasi" ni jina la kitu kinachofyatuliwa, na ni jina la madini laini yaliyokitengeneza tangu zamani. Dawa ilikuwa kuivika risasi koti la metali ngumu zaidi, kama alivyofanya Mswisi Eduard Rubin mwaka 1882 kwa kutumia shaba nyekundu. Lakini shaba nayo hukwanguliwa na kuganda juu ya matuta. Kila tiba ilileta uchafu wa aina yake.

Ukwaru unatoka wapi?

Mtutu huanza kama fimbo ya chuma cha pua. Hutobolewa kwa keekee ndefu, kisha tundu husawazishwa kwa chombo chenye makali kinachozunguka. Chombo hicho huacha mikwaruzo inayozunguka tundu, yaani inayokingama njia ya risasi. Mifereji huchongwa baadaye, au hukandamizwa kwa kipande kigumu kinachovutwa ndani ya tundu, au huundwa kwa kuufua mtutu kwa nyundo za mashine juu ya kalibu. Katika njia mbili za kwanza, mikwaruzo iliyokingama inaweza kubaki juu ya matuta. Kila mmoja hufanya kazi kama jino la tupa, ukaikwangua risasi na kulikusanya koti lake.

Kasoro ya pili ni kubana. Tundu la mtutu linaweza kuwa jembamba mahali fulani kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Katika bastola za mzinga jambo hili hutokea mara nyingi pale mtutu unapokazwa kwa parafujo ndani ya fremu. Risasi laini ikipita mahali hapo hubanwa ikawa nyembamba, kisha huingia sehemu pana zaidi bila kuijaza. Gesi yenye joto kali hupenya pembeni mwake, huiyeyusha ubavuni na kuyaganda madini yake ukutani. Hapo bunduki hukosa shabaha na kuchafuka kwa sababu ile ile moja.

Kizibo cha mkono na kizibo cha baruti

Mafundi wa mitutu ya mashindano wamekuwa wakiondoa kasoro hizi kwa mkono. Humimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya mtutu kuizunguka ncha ya fimbo, nayo ikiganda huwa kizibo kilichochukua umbo kamili la matuta na mifereji. Kizibo hicho hupakwa mafuta na unga wa kusagia, kisha husukumwa na kuvutwa mara nyingi. Mikwaruzo iliyokingama hufutika, na mahali pake huja mistari myembamba inayofuata njia ya risasi. Mkono wa fundi husikia mahali panapobana, naye hupasugua zaidi mpaka kizibo kiteleze kwa ulaini ule ule tangu mwanzo hadi mwisho.

Swali la kawaida la wanafunzi ni hili: iweje madini laini kama risasi yakwangue chuma cha pua? Jibu ni kwamba si risasi inayokwangua. Chembe za unga, kama vile za kabaidi ya silikoni au oksaidi ya alumini, ni ngumu kuliko chuma. Zikibanwa baina ya kitu laini na kitu kigumu, huzama ndani ya kile laini na kushikwa humo, kisha hukikata kile kigumu. Kilicho laini huwa mpini, na chembe huwa makali.

Njia ya kufyatua hutumia kanuni hiyo hiyo, ila mahali pa fimbo na mkono huja baruti. Risasi huviringishwa kwa nguvu baina ya mabamba mawili ya chuma yaliyopakwa unga, ili chembe zizame ubavuni mwake. Hufyatuliwa chache chache, kuanzia unga mkavu zaidi hadi ulio laini kabisa, na mtutu husafishwa na kupimwa mara kwa mara. Mpiga shabaha maarufu wa Marekani, David Tubb, ameuza seti za risasi zilizokwisha kupakwa unga wa ngazi tano. Mahali panapobana, risasi husukuma ukuta kwa nguvu zaidi na kwa hiyo hukwangua zaidi. Mahali palipo pana, hukwangua kidogo. Kwa nadharia, basi, kasoro hujirekebisha yenyewe.

Mahali ambapo njia hii ni dhaifu

Tofauti kubwa baina ya mkono na baruti ni udhibiti. Risasi hupita mtutuni kwa muda unaokaribia elfu moja ya sekunde. Hakuna mkono unaosikia wala kusita. Tena, chembe huwa kali na nyingi risasi inapoanza safari, na hupungua makali kadiri inavyosonga mbele. Kwa hiyo koo la mtutu, yaani mwanzo wa mifereji, hukwanguliwa kuliko mdomo.

Jambo hili lina faida na hasara. Faida ni kwamba mtutu huelekea kuwa mwembamba kidogo kuelekea mdomoni, na risasi hubaki imeshikwa vizuri hadi inapotoka. Harry Pope, fundi wa Marekani aliyeishi kutoka mwaka 1861 hadi 1950 na aliyesifika sana kwa mitutu yake, aliichonga kwa makusudi iwe myembamba kidogo kuelekea mdomoni. Hasara ni kwamba koo ndilo sehemu ambayo gesi ya moto huila kwanza katika maisha ya kila bunduki. Kulikwangua kwa unga ni kuutumia mapema umri wa mtutu.

Whitworth aliiona hatari ya namna hii mapema. Mwaka 1840, alipoeleza mbele ya wanasayansi wa Uingereza jinsi ya kutengeneza mabamba ya chuma yaliyo sawa kabisa, aliilaumu desturi ya kuyasaga kwa unga, kwa kuwa unga hautulii mahali fundi anapoutaka. Alipendekeza kukwangua kwa chombo chenye makali, vilima kimoja kimoja, baada ya kuvitambua kwa rangi. Fundi apime kwanza, ajue kilima kiko wapi, ndipo akate.

Wala haifai kudhani kwamba ulaini hauna kikomo. Baadhi ya watengenezaji wa mitutu huonya kwamba uso ulionakshiwa kama kioo unaweza kukusanya shaba nyingi zaidi. Nyuso mbili zilizo laini sana hugusana mahali pengi na huweza kushikana. Hali ya kushikana huonekana wazi katika vipande vya kupimia vilivyobuniwa mwaka 1896 na Mswidi Carl Edvard Johansson, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna. Nyuso zake ni laini na sawa kiasi kwamba vipande viwili vikitelezeshwa kimoja juu ya kingine hunatana bila gundi yoyote.

Je, usahihi huongezeka kweli?

Kwa upande wa usafi, ushahidi huonekana kwa macho. Vimiminika vya kuondolea shaba mtutuni mara nyingi huwa na amonia. Shaba ikikutana na amonia mbele ya hewa, hufanya mchanganyiko wenye rangi ya buluu iliyokoza, na kitambaa kilichopitishwa mtutuni hutoka na rangi hiyo. Mtutu uliokuwa ukihitaji vitambaa vingi, ukihitaji vichache baada ya kupigwa msasa, umebadilika.

Usahihi ni jambo gumu zaidi kuthibitisha. Wapiga shabaha hupima kundi, yaani umbali baina ya matundu mawili yaliyoachana zaidi katika risasi 5. Mtu hufyatua kundi moja kabla na kundi moja baada, akaona la pili ni dogo kwa asilimia 20, akatangaza ushindi. Hesabu za uwezekano hazikubaliani naye. Risasi zinapotawanyika kwa bahati kuzunguka kitovu, makundi ya risasi 5 ya bunduki ile ile, siku ile ile, hutofautiana kwa kawaida na wastani wake kwa zaidi ya robo ya wastani huo, juu au chini. Tofauti ya asilimia 20 baina ya makundi mawili inaweza kutokea bila mtutu kuguswa na mtu.

Ili kuitambua nafuu ya asilimia 10 kwa uhakika wa kuridhisha, huhitajika makundi yapatayo 60 kabla na 60 baada, yaani risasi 300 kwa kila upande. Na hapo huzuka mtego mwingine: risasi 300 za kawaida nazo huulainisha mtutu mpya, na usafishaji wa mara kwa mara wakati wa kazi hii huweza wenyewe kuleta nafuu. Jaribio la haki lingehitaji mitutu kadhaa ya aina moja. Baadhi ingepigwa msasa, na mingine ingefyatuliwa kwa risasi za kawaida kwa idadi ile ile na kusafishwa kwa namna ile ile.

Kwa hiyo madai hayana budi kutenganishwa. Pale ambapo kasoro imepimwa na kuonekana, kama vile kubana kwenye bastola ya mzinga au mikwaruzo mikali iliyokingama, kupiga msasa kunaondoa sababu inayojulikana, na nafuu ni jambo la kutarajiwa. Pale ambapo mtutu umetengenezwa vizuri na hauna kasoro iliyopimwa, msasa hauna cha kuondoa isipokuwa chuma kizuri.

Majaribio ya darasani

Kazi yenyewe ya bunduki haifai kabisa kujaribiwa na wanafunzi. Ni kazi ya mafundi wenye leseni, na kosa la kipimo cha baruti linaweza kuua. Lakini kanuni zake zinaweza kuonyeshwa kwa vifaa vya bei ndogo.

Jaribio la 1. Bonyeza kipande cha mshumaa juu ya mchanga laini mpaka chembe zizame, kisha usugue nacho kipande cha bati la alumini. Chunguza kwa kioo cha kukuzia ni kipi kilichokwaruzwa. Sugua kipande cha pili cha bati kwa mshumaa usio na mchanga, ulinganishe.

Jaribio la 2. Katika maabara yenye hewa ya kutosha, mwalimu aongeze amonia tone kwa tone katika mmumunyo wa salfati ya shaba. Kwanza hutokea mashapo ya buluu hafifu, kisha mashapo huyeyuka na buluu iliyokoza hujitokeza.

Jaribio la 3. Jaza sinia mchanga mbichi, weka alama katikati, na udondoshe vijiwe 5 kimoja kimoja kutoka kimo cha mita moja na nusu ukiilenga alama. Pima umbali wa mashimo mawili yaliyoachana zaidi. Rudia mara 20 na uandike vipimo vyote, kisha utafute wastani, kipimo kidogo kuliko vyote na kikubwa kuliko vyote. Darasa lijiulize: kama kabla ya kila jaribio vijiwe vingeoshwa kwa "dawa ya usahihi", ni mara ngapi dawa hiyo ingeonekana imefaulu?

Jaribio la mwisho lina thamani kubwa kuliko mengine, kwa kuwa linahusu zaidi ya bunduki. Mbolea mpya, chakula kipya cha kuku na dawa mpya ya malaria huhukumiwa kwa kipimo hicho hicho: je, tofauti iliyoonekana inazidi ile ambayo bahati ingeleta peke yake? Mwanafunzi aliyeudondosha mchangani mkono wake mara 100 na kuona makundi yakipanuka na kusinyaa bila sababu, hatadanganywa kwa urahisi na kundi moja dogo lililotundikwa ukutani.